Jinsi simu inavyojua ulipo: mwongozo kamili wa GPS, kuanzia angani hadi kona ya shamba lako Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa kahawa Mbozi au wa kakao Kyela siku hizi anaulizwa swali ambalo babu yake hakuwahi kuulizwa: shamba lako lina kodineti gani, yaani namba mbili zinazotaja mahali lilipo duniani? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu inataka kahawa, kakao na mbao zinazoingia kwao zijulikane zimetoka kwenye kipande gani cha ardhi. Inadai latitudo na longitudo zenye angalau tarakimu sita baada ya nukta, na shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake mzima. Huko Mufindi mwenye miti anataka kujua ekari zake kabla ya kukubaliana bei. Rungwe ndugu wawili wanagawana shamba la migomba. Wote hao wanatoa simu, wanabonyeza, namba inatokea, na mara nyingi namba hiyo inapokelewa kama hukumu.

Namba hiyo ni makadirio. Ni makadirio mazuri ajabu, lakini yana kosa ndani yake, na kosa hilo hubadilika kutokana na mahali uliposimama, saa uliyopima na namna ulivyopima. Kwa hiyo nitaanza na jinsi inavyopatikana, kisha tuingie shambani. Usiruke sehemu ya kwanza, maana kila ushauri wa shambani umetoka humo.

Hatua ya 1: Elewa nani anasema na nani anasikiliza

Wengi huamini kuwa setilaiti inakutazama kutoka juu, inakuona umesimama Mwanjelwa, kisha inaijulisha simu yako. Haiko hivyo. Setilaiti haina habari nawe. Kazi yake ni kutangaza usiku na mchana, na simu yako husikiliza tu bila kutuma chochote angani. Hesabu yote ya kutafuta ulipo inafanyika ndani ya simu.

Hakikisha mwenyewe. Weka simu kwenye hali ya ndege, kisha uwashe huduma ya Mahali. Toka nje penye uwazi, fungua programu yoyote inayoonyesha kodineti, na usubiri. Bila bando na bila mnara wa simu, namba zitatokea. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua nyumbani kabla ya safari.

GPS ni mfumo wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na huduma kamili ikatangazwa mwaka 1995. Leo ina setilaiti takriban 30 zinazofanya kazi, kwenye njia sita zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takriban km 20,200, na kila moja humaliza mzunguko kwa saa 12 kasoro dakika mbili. Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou, na simu nyingi za sasa husikiliza mifumo yote minne kwa pamoja. Dishi la televisheni juu ya nyumba huelekezwa upande mmoja na kuachwa hapo, kwa sababu setilaiti yake haihami juu ya ikweta kwenye kimo cha km 35,786. Hizi za kuelekeza njia zinatembea muda wote. Zilizo juu yako asubuhi si zilezile za jioni, na jambo hilo litakusaidia baadaye.

Hatua ya 2: Geuza muda kuwa umbali

Ukiwa Tukuyu msimu wa mvua, ukaona umeme umemulika upande wa Mlima Rungwe, unaweza kuhesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti hukata kilomita moja kwa karibu sekunde tatu, kwa hiyo ukihesabu sita, radi imepiga umbali wa kilomita mbili. Umeupima umbali bila kunyanyua kamba.

Simu hufanya vivyo hivyo, ila kwa wimbi la redio, ambalo husafiri kwa kasi ya mwanga: mita 299,792,458 kwa sekunde. Setilaiti inatangaza, "Hii ni saa fulani kamili." Tangazo likifika, simu inaangalia limechelewa kiasi gani. Kutoka setilaiti iliyo juu ya utosi wako hadi mkononi mwako, wimbi hutumia takriban sehemu 67 za elfu moja ya sekunde. Zidisha kwa kasi ya mwanga, umepata umbali.

Ucheleweshaji mdogo kiasi hicho hupimwa kwa mpangilio wa alama. Kila setilaiti ya GPS ina mpangilio wake wa alama 1,023 za sifuri na moja, unaorudiwa mara elfu kwa sekunde. Simu inaujua mpangilio huo kwa kichwa. Inautengeneza wenyewe ndani, halafu inausogeza polepole juu ya ule unaotoka angani mpaka vilingane. Kiasi ilichosogeza ndicho kuchelewa kwenyewe. Mawimbi haya yakifika ardhini ni dhaifu mno, yamezama chini ya kelele za redio zinazotuzunguka, na yanasikika kwa sababu tu simu inajua tayari inatafuta nini.

Weka akilini vipimo viwili. Kosa la sekunde moja iliyogawanywa mara milioni ni mita 300 ardhini. Kosa la sekunde iliyogawanywa mara bilioni ni sentimita 30. GPS, ukiichambua hadi mwisho, ni kazi ya saa.

Hatua ya 3: Jitafutie mwenyewe kwa bikari na ramani

Sehemu hii nakusihi uifanye kwa mikono. Chukua ramani ya Nyanda za Juu Kusini yenye skeli, bikari na penseli. Tuseme umefumbwa macho ukapelekwa mahali usipopajua, kisha ukaambiwa mambo mawili: uko takriban km 45 kutoka Mbeya mjini, na takriban km 135 kutoka Makambako, kwa mstari ulionyooka na si kwa barabara.

Weka ncha ya bikari Mbeya, chora duara la km 45. Weka Makambako, chora la km 135. Maduara hayo yanakatana mahali pawili tu: pa kwanza ni Tukuyu, kusini, na pa pili ni kaskazini, mashariki mwa Chunya. Hujui uko wapi kati ya hapo. Sasa ongeza taarifa ya tatu: uko takriban km 85 kutoka Chunya. Duara hilo linapita Tukuyu na kuiacha mbali ile nukta ya kaskazini. Umejipata.

Angani maduara huwa matufe. Tufe la kwanza linakuweka popote juu ya ganda lake, la pili linakupunguzia hadi kwenye duara ambako matufe mawili yamekutana, la tatu linakubakiza nukta mbili. Moja kati ya hizo mbili kwa kawaida huwa huko angani, na simu huitupa.

Usifute ramani yako bado. Jaribu kujitafuta kwa kutumia Mbeya na Chunya peke yake. Utaona maduara mawili yanakaribia kugusana tu, yamelaliana kwa mkunjo mrefu upande wa kusini, na hujui uweke nukta wapi. Sababu ni kwamba Chunya, Mbeya na Tukuyu zimekaribia kupangana kwenye mstari mmoja. Ukikosea kilomita mbili kwenye kipimo kimoja, nukta yako inaruka kilomita nyingi mashariki au magharibi. Lakini Mbeya na Makambako, zinazokuangalia kutoka pande tofauti, zinakupa makutano makali na safi.

Hilo ndilo wapimaji huliita mpangilio wa setilaiti. Setilaiti kumi zilizorundikana kipande kimoja cha anga ni duni kuliko sita zilizotawanyika pande zote. Ukiwa bondeni, ukuta wa mlima ukikuzibia magharibi na msitu ukikuzibia mashariki, unabaki na ukanda mwembamba wa anga, na kosa lako litanyooka kwenda upande uliozibwa.

Hatua ya 4: Setilaiti ya nne ni ya kurekebisha saa

Setilaiti hubeba saa za atomu. Simu yako ina kipande cha kwazi cha bei ndogo, kama kile cha saa ya mkononi. Saa ya simu ikikosea sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, umbali unakosewa kwa km 300, zaidi ya kutoka Mbeya hadi Iringa kwa mstari ulionyooka. Kwa hesabu hiyo simu isingefaa hata kukuambia uko mkoa gani.

Rudi kwenye ramani. Safari hii acha Chunya, iliyo karibu mstari mmoja na Mbeya, utumie Kyela, takriban km 45 kutoka Tukuyu. Ongeza km 10 kwenye kila umbali: Mbeya 55, Makambako 145, Kyela 55. Chora upya. Maduara matatu hayakutani tena mahali pamoja. Sasa punguza kiasi kilekile kutoka kwa yote matatu, kidogo kidogo, mpaka yakutane. Yatakapokutana utakuwa umejua mambo mawili kwa mpigo: ulipo, na ukubwa wa kosa lililokuwa limeingia kote.

Simu hufanya hivyohivyo. Kosa la saa yake ni moja kwa setilaiti zote, kwa hiyo linatafutwa pamoja na mahali. Kwenye karatasi bapa palikuwa na mambo matatu ya kutafuta, maduara matatu yakatosha. Angani yapo manne: latitudo, longitudo, kimo na saa. Kwa hiyo zinahitajika setilaiti nne kwa uchache. Ya tano na kuendelea hutumika kulainisha makosa na kugundua ipi inadanganya. Na kwa njia hiyo simu ya mkononi inapata saa sahihi mno bila kununua saa ya atomu.

Hatua ya 5: Subiri simu isikilize ratiba

Bikari ilihitaji ujue Mbeya iko wapi kwenye ramani. Simu nayo lazima ijue setilaiti iko wapi sekunde ile. Vituo vya ardhini sehemu mbalimbali za dunia huzifuatilia setilaiti, hukokotoa njia zao na kuzirushia ratiba. Kila setilaiti ya GPS husoma ratiba yake kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, na usomaji mmoja huchukua sekunde 30. Ukikatizwa na mti au paa katikati, simu husubiri usomaji ujao.

Simu ikiwa na intaneti hupakua ratiba hizo kupitia mtandao na kupata mahali kwa sekunde chache. Bila mtandao inabidi izisikilize kutoka angani. Ndiyo maana ukishuka basi kijijini kusiko na mtandao, baada ya simu kuzimwa njia nzima, utahitaji dakika kadhaa za kusimama wazi. Usianze kutembea mpaka wa shamba kabla hazijatimia.

Saa za huko juu zina jambo moja la kushangaza. Kwa nadharia za Einstein, mwendo wao huzichelewesha na uhafifu wa mvutano wa dunia huziharakisha. Ukijumlisha, saa ya setilaiti ya GPS hutangulia ya ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama wahandisi wasingezipunguza kasi kabla ya kuzirusha, kosa lingekua kwa takriban km 11 kwa siku, karibu na umbali wa kutoka katikati ya Jiji la Mbeya hadi Uyole.

Hatua ya 6: Zijue adui za kipimo chako

Tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme huchelewesha mawimbi, na kosa lake laweza kuwa la mita chache au makumi ya mita. Simu hupunguza sehemu ya kosa hilo kwa hesabu iliyoandaliwa, na zile zinazosikiliza masafa mawili ya redio hulipunguza zaidi, kwa sababu kila masafa huchelewa kwa kiasi chake. Kwetu ukanda wa ikweta tabaka hili hutibuka hasa saa za baada ya jua kuzama. Kama kazi ni ya maana, pima mchana.

Adui wa pili ni wimbi lililorudi. Wimbi likigonga bati, ukuta wa mwamba au lori, hufika kwenye simu likiwa limepita njia ndefu zaidi, na simu hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Kona ya shamba iliyo chini ya upenu wa mabati ndiyo kona mbaya kuliko zote. Matawi mabichi nayo hulidhoofisha wimbi. Ndani ya misindano iliyokomaa ya Sao Hill, au chini ya migomba iliyosongamana Rungwe, namba zitachezacheza hata ukiwa umesimama tuli. Mawingu na mvua za kawaida hazina madhara makubwa. Majani yanayotiririka maji juu ya kichwa chako ndiyo yenye madhara.

Simu ya kawaida penye anga wazi hukupa kosa la mita 5 hivi. Zamani kulikuwa na kosa la makusudi pia: Marekani iliharibu kidogo mawimbi ya raia hadi usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 lilipoondolewa.

Hatua ya 7: Pima shamba lenyewe

Nyumbani, pakua ramani ya eneo, jaza chaji, zima kiokoa betri (huminya GPS kimyakimya), na uruhusu programu yako itumie mahali kwa usahihi kamili. Chagua programu inayoonyesha kosa la kipimo, ile namba ya mita yenye alama ya ± au duara la bluu kuzunguka nukta yako. Kwenye simu za Android namba hiyo ina maana maalumu: kuna takriban nafasi mbili kati ya tatu kwamba uko kweli ndani ya duara hilo. Mara moja kati ya tatu uko nje yake. Iheshimu kwa kiwango hicho.

Kabla ya simu, zunguka mpaka wa shamba pamoja na majirani. Simu haijui mpaka ulipo. Inajua ulipo wewe. Mkubaliane kona zote, pigeni vigingi, kisha ndipo kipimo kianze.

Kwenye kila kona simama, shika simu bapa mbele ya kifua au iweke juu ya kigingi, usiifunike kwa kiganja, na usubiri mpaka namba ya kosa iache kushuka. Kama programu ina uwezo wa kuchukua wastani, iache dakika moja au mbili. Kona ikiwa chini ya mti, usisogee kwenye uwazi ukapima huko kama kwamba ndiyo kona. Pima sehemu mbili zilizo wazi kwenye mstari wa mpaka, kisha upime kwa futi kamba kutoka hapo hadi kwenye kona.

Zunguka kona zote kwa mfululizo bila kukatiza. Makosa yanayotokana na anga hubadilika taratibu, kwa hiyo kwenye mzunguko mmoja wa muda mfupi kona zote husukumwa upande mmoja kwa kiasi kinachokaribiana. Shamba litahama kidogo kwenye ramani, lakini umbo lake litabaki. Ukipima kona mbili leo na mbili kesho, umelipinda.

Halafu rudia mzunguko wote baada ya saa tatu au nne. Setilaiti zitakuwa zimehama, na kosa litakuwa jingine. Tofauti kati ya mizunguko miwili ndiyo kipimo cha kweli cha usahihi wako, na ninaiamini kuliko namba yoyote inayoandikwa na simu kujihusu yenyewe.

Hatua ya 8: Andika kodineti bila kuhamisha shamba

Mbeya mjini ni takriban -8.90, 33.45. Namba ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa inasema uko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, shamba lako limehamia Sudan Kusini, karibu na mpaka wa Ethiopia. Ukizipindua namba, longitudo ikatangulia, umeangukia bahari ya Atlantiki, magharibi mwa Casablanca. Makosa haya mawili hutokea mno kwenye fomu za vyama vya ushirika, na kuyakamata ni rahisi: kabla ya kukabidhi fomu, andika namba zako upya kwenye ramani ya simu uone zinakupeleka wapi.

Kuhusu tarakimu: nne baada ya nukta hutofautisha mita 11 hivi, tano mita moja, sita sentimita 11. Simu haina uwezo wa sentimita 11. Mnunuzi akitaka sita, mpe sita kama zilivyoonyeshwa na simu, kwa kuwa ndivyo fomu inavyodai, lakini asije mtu akakuambia kigingi cha jirani kimekosewa kwa nusu mita kwa ushahidi wa tarakimu ya sita. Kwa kumwelekeza dereva wa bodaboda au watu wa uokoaji kwa ujumbe mfupi, tano zinatosha kabisa.

Hatua ya 9: Ekari, kamba na mteremko

Ekari moja ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Vijijini tunasema hatua sabini kwa sabini, na kwa mtu mwenye hatua ya sentimita 90 inatoka mita 63 kwa 63, karibu sawasawa. Tatizo huanza pale mtu anaposema mita sabini kwa sabini. Hiyo ni mita za mraba 4,900, ekari moja na zaidi ya moja ya tano. Muuzaji anayehesabu hatua na mnunuzi anayehesabu mita wanaweza kuapa wote kuwa ni ekari moja, na simu ikawatofautisha kwa haki.

Lakini simu nayo ina mipaka. Kila kona ikikosewa mita 3 hivi kila upande, bila kufuatana na nyingine, eneo la ekari moja yenye umbo la mraba hukosewa kwa kama mita za mraba 270, yaani asilimia 6 au 7. Kwa ekari kumi kosa ni asilimia 2 tu. Kwa robo ekari linafika asilimia 13. Simu inafaa kwa shamba la miti Mufindi. Haifai kugawia kiwanja cha urithi mjini.

Kwenye mteremko watu hugombana bila sababu. Simu huhesabu eneo bapa, kama linavyoonekana kwenye ramani, na wapimaji wa ardhi hufanya hivyohivyo. Kamba iliyolazwa juu ya mteremko wa Uporoto hupima ardhi yenyewe ilivyoinama. Kwenye mwinamo wa digrii 30, mita 70 za kamba ni mita 60.6 tu kwa kipimo bapa. Kamba na simu zikitofautiana hapo, zote zimesema kweli. Kwa kununua na kuuza tumieni eneo bapa. Kwa kuhesabu mashimo ya parachichi tumia kanuni ya nafasi aliyokuelekeza bwana shamba wako.

Kimo usikitegemee sana. Setilaiti zote ziko juu yako, hakuna inayopima kutoka chini, kwa hiyo kosa la kimo huwa kubwa kuliko la upande. Zaidi ya hapo, GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, na baadhi ya programu hazirekebishi kufikia usawa wa bahari.

Hatua ya 10: Unapotumia ramani ya zamani

Ramani za serikali za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kodineti unaoitwa Arc 1960. Simu hutumia WGS 84. Mahali pamoja hutofautiana kwa takriban mita 300 kati ya mifumo hiyo miwili, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini. Nimeona watu wakiamini kijiji kimemegwa wakati kilichokosekana ni kubadili mfumo kwenye programu. Soma maandishi ya pembeni ya ramani, kisha weka programu yako kwenye mfumo uleule.

Kama namba ni za mita ndefu badala ya digrii, huo ni mtindo wa UTM, na lazima uandike kanda, yaani kipande cha dunia ambamo namba hizo zimehesabiwa. Mbeya, Njombe, Songea na Iringa mjini ziko kanda ya 36 Kusini. Mstari wa longitudo ya digrii 36, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37, unakata mashariki kidogo ya Iringa mjini, na ukishuka kuelekea Mikumi umeingia kanda ya 37. Namba bila kanda inaweza kuwa ya mahali pawili tofauti kabisa.

Hatua ya 11: Simu inapoishia

Kipimo cha simu hakiwi mpaka wa kisheria eti kwa sababu tu umekipima wewe. Kwenye ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila hupitia kwa serikali ya kijiji, majirani wakishuhudia mipaka. Simu zimeshashiriki kazi hiyo: tangu mwaka 2014 katika vijiji vya wilaya ya Iringa, wanakijiji waliofundishwa wamechora vipande vya ardhi kwa programu ya MAST, kila mwenye shamba na jirani zake wakiwa wamesimama palepale. Ile hadhara ya mpakani ndiyo iliyoipa namba uzito.

Kwa kiwanja chenye hati na bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa ardhini), mwite mpimaji aliyesajiliwa. Kifaa chake husikiliza setilaiti zilezile unazosikiliza wewe, lakini kwa namna mbili bora zaidi. Anaweka kipokezi kimoja juu ya alama ambayo kodineti zake zinajulikana tayari. Kwa kuwa kipokezi hicho kinajua kiko wapi, kinaliona kosa la anga la wakati huo na kulituma kwa redio au mtandao kwa kipokezi cha pili anachotembea nacho. Halafu badala ya kulinganisha zile alama 1,023 peke yake, anahesabu mawimbi yenyewe, ambayo kwenye masafa makuu ya GPS kila moja lina urefu wa sentimita 19. Hapo kosa linashuka hadi sentimita moja au mbili.

Mpimaji akimaliza, usikubali mchoro mtupu. Mwombe orodha ya kodineti za kila bikoni, na aandike juu yake jina la mfumo, namba ya kanda na tarehe ya upimaji. Bikoni ikija kung'olewa na trekta au mafuriko, orodha hiyo ndiyo itakayomwezesha mpimaji mwingine kuirudisha palepale ilipokuwa.